Njia ya Mlangoni kwa Lempi

Lempi Kangas alikuwa na miaka sabini na tisa, na jambo moja tu lilikuwa limebaki analolitaka duniani: kufia ndani ya nyumba yake. Si kwamba nyumba ilikuwa na uzuri wowote. Ilikuwa ya mbao, ya wachimba shaba wa zamani, na sakafu ya jikoni ilikuwa imebonyea. Lakini marehemu mumewe, Toivo, aliijenga sauna ya uani, kibanda cha kuogea kwa mvuke, kwa mikono yake, na mle ndimo Lempi alimomwogesha mpaka wiki yake ya mwisho. Miaka thelathini na mmoja alipika shuleni, akalisha watoto ambao leo wana vitambi na wajukuu, na katika maisha yake yote hakupokea kitu cha mtu asikirudishe.

Mwanawe, Reino, anayeishi kusini, mwendo wa saa saba kwa gari, alimpa sharti.

"Mama, mimi sikulazimishi. Lakini siku nikija nikute njia ya mlangoni imeziba, au nisikie umeshika beleshi mwenyewe, tunafunga nyumba. Unaenda kukaa na wazee wenzako. Tumeelewana?"

"Tumeelewana. Punguza sauti, mimi si kiziwi."

Kwao theluji inaanza Novemba na haina habari ya kwisha mpaka Aprili. Kwa hiyo Lempi akamwajiri Signe, binti wa miaka kumi na mitano wa jirani yake, Dale Ruona, awe anamzolea. Kila theluji ikishuka, dola ishirini mkononi, kisha kahawa na mkate wa iliki. Signe alikuwa anadunduliza anunue kigari cha mtumba.

"Pale kwenye ngazi umelamba tu, hujazoa," Lempi humwambia kutoka mlangoni.

"Bibi, ukitaka nipige na deki, sema."

"Nakulipa. Nina haki ya kukusumbua."

"Haya, bosi."

Neno hilo bosi lilimfanya Lempi atembee amenyooka mpaka jioni.

Januari akaja mchungaji mpya, kijana mwenye moyo mzuri na kimbelembele. Akatangaza kwamba vijana wa kanisa watawazolea wazee theluji bure. Ukutani mwa ukumbi wa kanisa, karibu na birika la kahawa, ikabandikwa karatasi yenye kichwa cha herufi kubwa: WASIOJIWEZA. Jina la Lempi lilikuwa la tatu, kati ya mzee kipofu na mama aliyepooza. Alilisoma mara mbili, akadhani kuna Lempi mwingine.

Hapo ndipo Dale Ruona aliposimama mbele za watu.

"Nimeona aibu kusikia binti yangu alikuwa anachukua pesa za mjane," alisema. "Kuanzia leo hachukui hata senti."

Watu wakapiga makofi.

"Dale, mimi sijaomba," Lempi alisema, akiweka kikombe chini.

"Ndiyo uzuri wake, mama. Tunakupa bila kuombwa!"

Wakacheka kwa upendo mtupu, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Dale huwezi hata kumchukia. Ni mtu wa kuvua koti lake kwenye baridi akuvike wewe, ila atakufunga vifungo mpaka shingoni hata ukimwambia unasikia joto. Hakuna hata mmoja pale aliyemuuliza yule mama anataka nini.

Lempi alichukua kalamu ya risasi, akalifuta jina lake kwa mstari kwenye ile karatasi. Theluji iliyofuata Signe alipobisha, alimfungulia akiwa na noti mkononi.

"Pesa, au hakuna kazi."

"Baba ataniua, bibi. Niache nizoe tu, tafadhali."

"Basi nenda nyumbani."

Angeweza kukubali. Nami nasema angekubali, maana nyumba ilikuwa na thamani kuliko kiburi. Lakini kupokea bila kurudisha ni kazi ambayo hakufundishwa, na kwenye miaka sabini na tisa hakuwa na wa kumfundisha.

Theluji ikashuka siku nne mfululizo. Kila siku saa kumi na moja alfajiri, kabla majirani hawajaamka, Lempi alishika beleshi la Toivo, akazoa kidogokidogo, akipumzika kila hatua tatu. Siku ya nne ilikuwa Jumamosi, na Reino alikuwa njiani. Akamaliza, njia ikawa nyeupe na laini, akajisikia furaha kama msichana. Ndipo lilipopita gari la halmashauri la kusukuma theluji, likamrundikia pale njia inapokutana na barabara ukuta wa mabonge magumu, kama linavyomrundikia kila mtu.

Akarudi kuvunja yale mabonge. Signe ndiye aliyemkuta, amelala ubavu, nyonga imevunjika, mkono bado umekamata mpini.

Machi, katika chumba cha nyumba ya wazee, Signe alikuja na mkate wa iliki aliouoka mwenyewe. Alikaa muda mrefu bila kuvua koti.

"Nilikuwa nakuona, bibi. Asubuhi zote nne. Nimesimama dirishani na buti miguuni. Nikasema nikitoka atanifukuza."

"Ningekufukuza."

"Najua." Akavuta kamasi. "Zile ishirini nilikuwa nazitaka, bibi. Kweli tena. Baba hakuniuliza."

"Na mimi nilitaka kukupa," Lempi alisema. Kisha akauliza alichokuwa anaogopa kuuliza. "Kwangu anazoa nani?"

"Hakuna. Jina lilifutwa, halafu nyumba haina mtu."

"Theluji imefika wapi?"

"Kwenye kitasa cha mlango."

Lempi aliitazama dari. Aliijua ile nyumba. Mwaka wa pili bila mtu, paa litashuka kwa uzito wa theluji. Signe akakata kipande cha mkate, akampa. Lempi akanyoosha mkono kwenye droo kutafuta pochi, akaikosa, akakumbuka kwamba Reino aliichukua; pale wazee hawaruhusiwi kukaa na pesa. Akarudisha mkono, akaupokea mkate, akaula.

"Umezidisha iliki," alisema huku analia.

Signe hakumwita bosi.