Kioo Kilichotoka Ukutani

Kioo cha mbele cha pikapu yetu kilinigharimu madebe matatu ya dagaa, mche mmoja wa sabuni, jogoo mmoja na siku tisa. Nimehesabu mara mbili. Mara ya pili nilimtoa jogoo, halafu nikamrudisha, maana na yeye alikufa kwa ajili ya kioo. Shilingi haimo humo. Miaka ile ya shida ungeweza kulala na shilingi mfuko mzima na bado ukaoga bila sabuni. Mwenye dagaa ndiye aliyesikilizwa.

Pikapu ilikuwa yetu wawili, mimi na kaka yangu. Yeye aliendesha, mimi nilinunua na kuuza. Kila wiki tulitoka Makoko kwenda Kibara, tukachukua dagaa kwa wavuvi, tukauza Bunda na Musoma. Kabla ya gari nilibeba karai kichwani miaka sita, na utosi wangu haujasahau hata mmoja.

Jumanne ile tulikuwa tunatoka Kibara. Lori la pamba likatupita kwenye kokoto kama linafukuzwa, tairi la nyuma likarusha jiwe. Si jiwe kubwa, lilikuwa kama yai la kanga. Kioo kikageuka cheupe chote kwa mara moja, halafu kikatumwagikia mapajani vipande vidogo vidogo kama chumvi ya mawe. Lori lilikuwa limeshageuka vumbi. Kaka yangu akasimamisha gari, akatazama pale palipokuwa na kioo.

"Dada," akasema, "sasa tuna hewa."

Akajifunga kanga yangu usoni, akabakiza macho, tukaendelea. Wadudu wa ziwani walikuwa wengi siku hiyo. Hata kanga haikuwazuia. Tulipofika Bunda alikuwa amekula wa kutosha, hakudai chakula cha mchana.

Pale Bunda askari wa barabarani akatusimamisha. Alikuwa mtu wa haki, na mtu wa haki ndiye mgumu kuliko wote, maana hana bei.

"Mama, gari lako limekufa jicho."

"Limefumba tu, afande."

"Basi lifumbue. Nakupa mpaka Alhamisi ya wiki ijayo. Nikilikuta hivi tena, litalala kituoni mpaka lipate kioo."

Gari likilala kituoni, wavuvi wa Kibara hawawezi kulala nalo. Dagaa wangempa mtu mwingine, na mtu huyo alikuwepo, ana lori lake pale Musoma, kila tukikutana ananiuliza hali ya gari kabla ya hali yangu. Kwa hiyo hesabu ilikuwa fupi: kioo kabla ya Alhamisi, au karai.

Jumatano nikaingia duka la vipuri Musoma. Mwenye duka akanyoosha mkono kwenye rafu, akasema, "Chagua, mama." Rafu ilikuwa na kalenda na paka. Akanishauri nijaribu Mwanza, na Mwanza nikikosa, Nairobi. Nikamwuliza kama mwezini amejaribu.

Aliyenisaidia ni mteja wangu mmoja wa dagaa, mama wa upande wa Butiama. Ijumaa alinikuta sokoni nimenuna. Nikamweleza. Akaangalia gari letu, akazunguka mbele.

"Kioo cha gari kama hili nimekionaga," akasema. "Kiko kwetu kijijini, kwenye nyumba ya mzee mmoja."

"Ana gari?"

"Hana gari. Ni dirisha."

Mpwa wa mzee huyo aliwahi kuwa na pikapu kama yetu, ikaanguka mtoni, kikapona kioo tu. Mzee akakijengea ukutani. Nyumba ya matofali ya udongo, bati la kwanza kijijini, na katikati ya ukuta kioo cha gari kimepinda kama kinatabasamu.

Jumamosi tukaenda. Njiani nikamwonya kaka yangu. Ni dereva mzuri, lakini kwenye bei mtu yeyote anaweza kumwuzia kivuli chake mwenyewe. Nikamwambia: tumekuja kusalimia, tumekuja kuulizia mbuzi, ukutani usitazame. Akasema amesikia. Tukafika, akashuka, akatazama ukutani.

"Hicho hicho," akasema. "Ndicho hasa."

Mposaji gani anamsifu binti kabla mahari haijatajwa? Mzee akatabasamu, akatuma watu wawaite ndugu zake wawili. Viti vikatoka. Mmoja wa hao ndugu akavunja kijiti, akakata vipande, nami nikajua tumekwisha: wanataka kuzungumza kama wanavyozungumza mahari, kila kijiti mnyama mmoja, na mwanamke hakai pale. Nikaelekezwa jikoni.

Nyuma yangu nikasikia vijiti vinawekwa chini. Kinene, ng'ombe. Vyembamba vinne, mbuzi. Kaka yangu akajibu kwa kukohoa.

Jikoni mke wa mzee alikuwa anasonga ugali. Nikamsaidia kushika chungu, tukasalimiana, tukaulizana watoto. Sikutaja kioo. Nilisifu nyumba, nikasema ina mwanga.

"Mwanga," akasema, kama mtu aliyetajiwa mkwe mbaya. "Wewe unalala humo?"

"Silali."

"Basi mwulize anayelala. Lile dubwana halifungukagi, mwenzangu. Mchana ndani ni tanuru. Na watoto wa shule wakipitaga wanasimama kutuhesabia matonge. Juzi mzee kalala bila shati, kijiji kizima kikajua ana kovu tumboni."

Nikahesabu kimya kimya. Joto, moja. Macho ya watu, mbili. Kovu, tatu. Nikahesabu tena, bado tatu.

"Hivi, mama," nikasema, "ungepata dirisha la mbao, la kufunguka pande mbili, lina komeo kwa ndani?"

Mwiko ukasimama kwenye ugali.

"Komeo kwa ndani?"

"Kwa ndani. Na sabuni nusu mche, na debe la dagaa. Nyumba ya padri madirisha yake si ya hivyo hivyo?"

Akanawa mikono. Akachukua kata ya maji, akaenda kuwapa wazee, maana kupeleka maji hakukatazwi. Nikabaki mlangoni. Alimfikia mumewe mwisho, akasimama na kata mkononi, hampi.

"Baba watoto, nasikia unaliozesha dirisha langu."

"Haya ni mazungumzo ya wanaume."

"Sawa. Lakini anayechunguliwa ni mimi. Hawa wanaleta dirisha kama la nyumba ya padri, la komeo. Wewe unataka mbuzi. Mbuzi atakufungia dirisha usiku?"

Ndugu mmoja akacheka kwenye maji. Mzee akatazama ukuta wake, akamtazama mkewe, akauliza polepole, "Kama la padri kabisa?"

"Kabisa," nikasema kutoka mlangoni. Najua sikutakiwa kusema.

Vijiti vikaokotwa. Kile kinene ndugu yake alikishika kidogo kabla ya kukitupa, kama anaaga ng'ombe. Ila wakasema mazungumzo hayawezi kumalizika midomo mikavu, wazee wameitwa, lazima kitu kichinjwe. Ndipo jogoo alipoingia kwenye hesabu. Walitaka mbuzi; nikasema kwetu Makoko mkataba wa dirisha ni jogoo. Kaka yangu alitaka kusema kwamba hajawahi kusikia mkataba huo. Nikamkanyaga.

Fundi seremala nilimpata Nyamuswa. Alitaka madebe matatu ya dagaa. Akapata mawili na maneno matamu. Jumapili hakufanya kazi, ni mtu wa kanisa. Jumatatu akapiga randa, Jumanne akapachika komeo, Jumatano asubuhi tukapakia dirisha kwenda Butiama.

Kukitoa kioo ukutani kulikuwa kazi ya kuzuia pumzi. Tuliulowesha udongo pembeni, tukachimbua kwa kisu cha jikoni, tofali moja moja, mke wa mzee ameshika upande mmoja, mimi upande wa pili. Mzee akawa anatoa maelekezo ambayo hatukuyafuata. Kikatoka kizima. Dirisha jipya likaingia, yule mama akalifunga, akapiga komeo, akakaa ndani huko muda mrefu hafungui. Tuliagana kupitia mbao.

Nilikibeba kioo mapajani, kimezungushiwa blanketi na magunia, mpaka Bunda. Fundi wa pale akauosha ule mpira wa zamani uliobaki kwenye gari, akauvisha kioo, akapitisha kamba ya nyavu kwenye mfereji wa mpira, akaomba sabuni ili uteleze. Nusu mche niliyobaki nayo ikaenda huko. Akakiweka kioo kwa nje, akakaa ndani, akaivuta kamba taratibu, na mpira ukawa unapanda juu ya bati inchi kwa inchi kama uji unavyovuka mdomo wa chungu. Kamba ilipoisha, kaka yangu akapiga honi. Hakuna aliyemtuma.

Alhamisi tukapita Bunda mchana kweupe. Tungeweza kuzunguka; nilikataa. Nilimwambia kaka yangu apunguze mwendo kabla hata hatujasimamishwa. Askari akaja. Akatazama kioo kwa mbele, akatazama kwa pembeni, akakigonga kwa kidole kama mtu anayenunua chungu. Akakagua taa, zikawaka. Akakagua honi, nayo kaka yangu alishaifanyia mazoezi. Kule nyuma yetu, lori la mshindani wangu lilikuwa linasubiri zamu, na mwenyewe amechungulia nje mpaka kiunoni. Nikampungia mkono.

"Nenda, mama," askari akasema.

Kaka yangu akatia gia. Lakini yule askari hakuondoa mkono mlangoni. Akatazama huku na huku, akainama dirishani kwangu, akashusha sauti ikawa ya mtu wa kawaida tu.

"Mama, nina shemeji yangu Musoma, gari lake kama hili, mbele kafunga gunia mwezi wa pili sasa. Hebu nishauri. Aanzie wapi?"