Kilichobaki Kwenye Kitambaa

Pasca hakujua kukaa. Katika maabara ya shule moja ya Arua, upande wa Onduparaka, alikuwa na kiti chake mwenyewe, na hakuna kiti kilichokuwa kipya kuliko hicho. Kwa miaka kumi na tisa alizunguka humo funguo zikimlia kiunoni: ajaribu bomba, apanguse mizani, afunge kabati, kisha arudi kuhakikisha kama kweli amelifunga. Shule yake iliishia kidato cha nne, kwao Koboko. Mengine yote alifundishwa na chupa.

Wiki hiyo alikuwa na haki ya kuhangaika. Mchwa walikuwa wamekula rafu ya juu kimyakimya, ikaanguka na mitungi mitatu: chumvi ya kalsiamu, ya chuma na ya magnesiamu. Zote zikachanganyika sakafuni pamoja na vipande vya vioo. Jumatatu watahiniwa walikuwa na jaribio la vitendo, na kalsiamu ile ndiyo ilikuwa ya mwisho shuleni. Mwalimu Abiriga, mkuu mpya wa sayansi, kijana wa digrii na viatu visivyojua vumbi, alisimama mlangoni akatazama.

"Madamu, rafu iko chini ya nani?"

"Iko chini yangu, Mwalimu."

"Basi Ijumaa saa nane mimi nakuja. Kama kalsiamu iko kwa meza, na iko safi, sawa. Kama hakuna, hiyo funguo utapatia mutu iko na diploma."

Pasca aliogopa, na hakuna haja ya kumfichia. Nje ya chumba kile hapakuwa na mtu aliyemwita fundi wa kitu chochote. Siku tatu hakula akashiba.

Kazi yenyewe aliijua. Ijumaa asubuhi aliukoroga mchanganyiko kwenye maji, akachuja vioo. Akatia chumvi ya amonia ili magnesiamu itulie majini, kisha amonia yenyewe, na chuma kikaganda kuwa matope ya rangi ya kutu. Akachuja. Hapo kinachotunzwa ni maji, kwa kuwa kalsiamu bado imo ndani yake; matope hutupwa. Kisha akayapasha maji yale moto kidogo, akatia amonia kaboneti, na kalsiamu peke yake ikageuka unga mweupe ukazama. Akachuja tena. Mara hii mambo yamepinduka: maji ndiyo ya kumwaga, na unga ndio mali.

Karatasi za kuchujia zilikuwa zimekwisha, kwa hiyo alitumia kitambaa cheupe alichokitandika juu ya faneli. Mama yake, aliyekuja kutoka Koboko kwa ajili ya matibabu ya macho, alikuwa kizingitini akitazama. Aliambiwa aketi apumzike. Akafagia uwanja mara mbili, akaosha ndoo ambazo hazikuwa chafu. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Alipoona mambo ya kuchuja, alifurahi, maana hayo hakuhitaji kuelezwa. Kwao majivu hutiwa kwenye chungu chenye matundu, maji yakamiminwa juu, na yale yanayodondoka ndiyo hulainisha majani ya kunde. Majivu yaliyobaki hutupwa nyuma ya nyumba. Pasca mwenyewe alijua hilo kabla hajajua kusoma.

Saa sita Pasca alitoka kuteka maji ya kuusafishia unga. Bomba la ndani lilikuwa limekauka, na foleni kisimani ilikuwa ndefu. Aliporudi, kitambaa kilikuwa kinaning'inia kwenye kamba nje, kimefuliwa kikatakata.

"Mama," alisema taratibu, "ile ilikuwa juu ya kitambaa iko wapi?"

"Ile takataka? Mimi natupa. Lakini maji yako iko. Sikugusa hata kidogo, nafunika vizuri."

Pasca aliweka ndoo chini. Alikuwa na maneno mdomoni, makali, na mama hafokewi. Akayameza.

"Unatupa wapi, Mama?"

"Pale nyuma, kwa mchicha."

Abiriga alipofika saa nane kamili, hakuona kalsiamu mezani. Alimkuta fundi wake amepiga magoti nyuma ya maabara, akikomba udongo mwekundu kwa kijiko, na mama mzee amemshikia bakuli.

"Madamu, saa imefika."

"Iko hapa, Mwalimu. Imeingia kwa udongo. Nipatie saa mbili."

"Hiyo iko udongo tu."

"Basi kaa, uone."

Hakuwahi kumwambia mwalimu neno la namna hiyo. Abiriga aliangalia saa yake, akamfuata ndani, akasimama mikono nyuma. Pasca alimimina asidi juu ya udongo, ukachemka kwa povu. Akachuja mchanga. Amonia, na chuma cha udongo wa Arua kikaganda kwa wingi kuliko asubuhi. Akachuja, akatunza maji. Kaboneti, na ule weupe ukarudi. Mikono yake haikukosea hatua hata moja.

Abiriga alianza kulegea. Alivua koti, akashika faneli Pasca alipokuwa akimimina, akaanza kuhadithia walivyofanya kazi hii chuoni Kampala kwa mashine. Maneno yalimnogea. Tone la mwisho lilipodondoka, alikisogeza chombo cha maji yaliyochujwa kando kwa uangalifu mkubwa, akanyanyua kitambaa, na huku bado anaongea akaanza kwenda nacho dirishani, lilikokuwa pipa la taka.

Pasca alimdaka kifundo cha mkono.

Abiriga alitazama kitambaa, akatazama maji aliyoyatunza. Mama mzee kule kizingitini hakuona vizuri, lakini aliona vya kutosha.

"Mwalimu," alisema, "mama yako naye anapika kunde?"

"Ndiyo, Mama," Abiriga alijibu kwa sauti ndogo. "Kule Logiri."

"Anakufundisha vizuri."

Abiriga alikirudisha kitambaa mezani kwa mikono miwili. Pasca aliuosha unga, akachovya waya kwenye asidi, kisha kwenye unga, akauweka motoni. Mwali ukawa mwekundu wa tofali, rangi ya kalsiamu.

"Madamu," Abiriga alisema, akijifuta jasho, "rafu mpya tutaweka ya chuma. Utaniambia wewe unataka wapi."

Pasca aliitikia kwa kichwa. Akavuta kile kiti chake kipya, akampa mwalimu akalie, na yeye akaenda kuhakikisha kama kabati limefungwa.