Mpaka Nilioutembea Mwenyewe

Kaka yangu alinipigia simu nikiwa Chimala nanunua mchele wa kuuza. "Mdogo wangu, njoo nyumbani. Watu wa biashara ya hewa ya ukaa wamekuja, wanataka mtu anayeijua mipaka ya shamba la miti. Mimi goti linanisumbua." Nikamwachia mwenzangu magunia, nikapanda basi la Mufindi. Goti lake nililiamini, na hilo linaniuma hadi leo.

Marehemu baba alitugawia shamba lile kwa mdomo. Upande wa juu wa kaka, mipaina ya bondeni yangu. Karatasi sikuwa nayo. Sisi tuko wawili tu, karatasi ya nini? Mipaina ile ndiyo ilikuwa paa langu. Iyunga, kule Mbeya, nina boma la vyumba vitatu, limefika kwenye lenta, linasubiri mbao za kenchi.

Mtaalamu alikuja na tableti. Alinieleza nitembee mbele, yeye anifuate, chombo kitachora mstari kila tulipopita. Basi nikatembea kwa maringo. Nikamwonyesha mtaro aliouchimba baba, jiwe tulilokuwa tukianikia nguo, kona ambayo jirani amekuwa akiimega kidogo kidogo kila msimu. Tulipofika bondeni nikasimama, nikampigia kaka. "Na hiki changu?"

"Kiingie tu," alisema. "Wanapenda eneo kubwa. Tutaandika la familia."

Nikaizunguka na mipaina yangu yote. Baadaye nikatia sahihi pale kaka aliponionyesha kwa kidole. Sikusoma. Nilirudi Mbeya nimeshiba viazi, nina furaha.

Kiangazi kilichofuata nilikwenda na fundi wa kuchana mbao. Tulipitia ofisi ya kijiji kuomba kibali cha kukata, mwenyekiti akafungua faili. Kwa mkataba wa hewa ya ukaa, miti haikatwi kwa miaka thelathini. Mmiliki ni kaka yangu, peke yake.

Nilimkuta uani anapasua kuni, goti halina tatizo lolote. Nikamuuliza kwa nini. Hakupandisha sauti. "Wewe uliolewa, mdogo wangu. Aliyebaki na makaburi ni mimi."

Niliolewa, nikaachika, boma nikalijenga kwa mchele. Yote hayo anayajua. Nilitamani anidanganye tena, aseme wamekosea kuandika. Ningemwamini.

Nikarudi ofisini kulalamika kwamba sikushirikishwa. Mwenyekiti, mtu mpole, akafunua ukurasa wa mwisho na kuusogeza mbele yangu. Ramani ilikuwa safi kabisa, mstari mwekundu umepita kila nilipokanyaga, hata kona ya jirani nilikuwa nimeirudisha yote. Chini, palipoandikwa shahidi wa mpaka, palikuwa na jina langu kwa mwandiko wangu mzuri wa shule.

"Hii sahihi si yako, mama?"

"Ni yangu," nikasema.