Mama Ajitafutia Mtani Kolo

Mama yangu alifundisha historia Kwale, Kenya, kwa miaka mingi, na kila mwaka alichora ubaoni watu wembamba wa michoro ya miambani ya Kondoa. Alistaafu bila kuwahi kuwaona. Kisha magoti yakaanza kumsumbua, na daktari akamwambia kwamba baada ya mwaka huu asahau habari ya kupanda vilima. Mama aliuelewa ushauri huo kwa namna yake: kwa hiyo kilima kimoja lazima kipandwe sasa. Ndivyo tulivyojikuta Dodoma, yeye, mimi na pensheni yake.

Sheria ya safari aliitunga mwenyewe: nchi ya watu isitugharimu kuliko nyumbani. Tulilala gesti ambayo bomba lake lilitoa maji nusu saa tu, alfajiri. Mama alikuja na majani yake ya chai kutoka Kwale, na kila mgahawa tulioingia aliagiza maji ya moto peke yake.

Asubuhi ya kwenda Kolo aliyaagiza tena kwa mama lishe mmoja karibu na stendi. Mama lishe alimpa, huku akimtazama kama mtu aliyefiwa. Mara akaja mwanamume wa makamo mwenye kofia ya pama, akachukua chapati mbili bila salamu wala ruhusa, akaziviringisha na kuanza kutafuna.

"Ngumu kama mwenye nazo," akasema.

"Kula tu. Najua njaa ya kwenu Ugogo haijakutoka," mama lishe akajibu. "Ukimaliza nakuvua hiyo kofia."

"Vua. Halafu unibebee na mzigo, kazi ya babu zako."

Mama akanishika mkono. "Inuka twende. Hawa wataumana sasa hivi."

Mama lishe akacheka. "Usiogope, mama. Huyu Mgogo, mimi Mnyamwezi. Mtani wangu huyu."

Kweli alimvua kofia, akaivaa juu ya kilemba chake, akaendelea kugeuza chapati. Yule bwana akaondoka kichwa wazi, ameridhika kabisa.

Kwetu pwani utani tunaujua, lakini ni wa ukoo kwa ukoo, na zaidi hujitokeza misibani. Huu wa kabila zima kwa kabila zima, tena asubuhi, penye chapati, ulikuwa mgeni kwetu. Mama alikunywa chai yake. Uso wake niliujua: ni uso anaokuwa nao sokoni nyanya zinaposhuka bei.

"Na hakulipa," alisema tulipokwisha kukaa ndani ya basi.

Kolo ni kijiji kando ya barabara kuu, ukishaupita mji wa Kondoa. Tulilipa kiingilio, tukapewa mwongozaji, mama mmoja mpole mwenye sauti ya chini. Michoro iko mbali na kijiji. Unakwenda kwa gari hadi chini ya kilima, kisha unapanda kwa miguu. Gari siku hiyo lilikuwa moja, na dereva wake alikuwa bwana mrefu aliyevaa katambuga, vile viatu vya mpira wa tairi. Alitaja nauli. Mama akaiacha hapo, akauliza lake.

"Wewe kabila gani?"

"Mrangi."

"Alhamdulillahi. Mimi Mdigo. Warangi ni watani wetu."

Nilitazama chini. Mwongozaji naye alitazama chini.

"Tangu lini?" dereva akauliza.

"Tangu enzi za misafara. Babu zangu walipita hapa na mizigo, babu zako wakawauzia maji ya tope. Na hili gari lako, hata kuku ataona haya kulipanda."

Dereva alimkazia macho. Nilianza kutafuta maneno ya kuomba radhi. Kisha bwana yule akacheka mpaka akashika mlango wa gari lake.

"Panda, mtani. Mtani halipi."

Njia nzima mama alinitazama kwa jicho la ushindi.

Tulipofika chini ya kilima, dereva alimfungulia mama mlango kwa adabu, akapiga goti mbele yake. Nilidhani anamsaidia kushuka. Alifungua kamba za raba za mama, akazivua moja baada ya nyingine, akazifunga pamoja na kuzitundika shingoni.

"Hizi nimezipenda," akasema.

Raba zile zilinunuliwa kwa ajili ya kilima hiki na magoti haya. Nilimgeukia mwongozaji.

"Hayo ni ya watani," akasema. "Mimi simo."

Nilitoa nauli yote aliyoitaja mwanzo. Dereva aliisukuma kwa vidole viwili. "Rudisha mfukoni. Mimi nipokee hela kwa mtani wangu? Mwiko."

Mama alikuwa amesimama kwenye jiwe la moto, mguu mmoja juu ya mwingine. Mbele yake kulikuwa na miiba, mawe, na kitu alichokingoja tangu ujana wake. Niliona safari nzima inapotea kwa kubana nauli ya mwendo mfupi.

Dereva alimwacha ateseke kidogo. Kisha akavua katambuga zake. "Vaa hizi, usije ukasema Warangi hatuna utu."

Zilikuwa ndefu kiasi kwamba kisigino cha mama kiliishia katikati. Lakini tairi lilishika mwamba vizuri. Mwongozaji alitangulia, dereva akafuata pekupeku, raba zikimchezea kifuani, na mama akamfuata akimsema. Kila alipotaka kupumzika, alimtukana kwanza, asionekane amechoka.

"Miguu yako kama ya korongo."

"Na wewe wapumua kama treni. Panda."

Juu, mwongozaji alionyesha ukuta wa jiwe. "Hawa hapa."

"Wapi?"

"Mbele yako, mama."

Walikuwa wekundu waliofifia, na waliokuwa mbele ya mama hawakuzidi kiganja. Mama aliinama kuwatazama. Niliogopa kwamba wamemvunja moyo.

"Mtani," dereva akasema, "umetoka Kenya kuja kuona wadudu?"

"Sogea. Wanizibia mwanga."

Aliketi juu ya jiwe. Mwongozaji alieleza, akamaliza. Jua likahama. Dereva akakohoa.

"Tushuke, mtani. Nina abiria wengine."

"Hao watakulipa?"

"Watalipa."

"Basi nenda kawachukue hao. Mimi ni mtani wako, sina haraka."

Mwongozaji akaziba mdomo kwa upande wa kanga. Dereva alinitazama akitaka msaada, nami nikamwambia simo. Alisimama kidogo, kisha akaketi karibu na mama. Kila wiki alileta watu mpaka chini, akasema, lakini huku juu hajawahi kufika. Alikaa akiutazama ukuta.

"Huyu wa pembeni," akauliza mwishowe, "mbona kichwa chake kikubwa hivyo?"

"Swali zuri," mama akasema, akajivuta kumpa nafasi. "Sogea hapa, uone vizuri."