Kufukiza Nguo za Harusi kwa Upepo wa Sib

Asubuhi za baridi, ukisimama juu ya paa la nyumba ya kaka yangu huku Al Khoudh, pembeni mwa Maskati, hewa unaiona kwa macho. Nyuma yako milima ya mawe matupu, mbele, kwa mbali, bahari. Usiku baridi imeteremka milimani ikaulalia mji, na kila kilichofuka chini yake, moshi wa magari, vumbi la majengo, mishikaki ya waliokesha, kimebaki humo humo, utando wa rangi ya chai ya maziwa. Mpaka jua lishike ndipo bahari inaanza kupuliza, na milima inajitokeza na mikunjo yake yote.

Mimi ni mtu wa kuhamahama. Nimekaa Unguja, Mombasa, Dubai, nikarudi, nikaondoka, nikarudi tena, na kila mji naukumbuka kwa hewa yake. Unguja nikiivuta kifuani hata leo naweza kulia. Lakini siku niliyoicheka hewa mpaka mbavu zikauma ilikuwa hapa hapa Maskati.

Mama ana pumu. Tangu imzidi, chetezo chake cha udi kilifungiwa kabatini, na hilo lilimuuma kuliko pumu yenyewe. Binti wa kaka alipoposwa, mjukuu wake wa kwanza, Mama alisema neno moja tu: nguo za bi harusi atazifukiza yeye. Kwetu ni kazi ya bibi, na bibi aliye hai kumwachia mtu mwengine ni kama kusema amekwisha.

Basi asubuhi ile tukaweka chetezo uani, juu yake tenga la vijiti, na juu ya tenga nguo. Mama akatia udi kwenye makaa. Moshi ukapanda hadi usawa wa ukuta, ukafikiri, ukarudi chini ukajilaza miguuni kwake kama paka. Hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani. Mama akakohoa, akakohoa tena, na wifi yangu, mama wa bi harusi, akakinyakua chetezo akatoka nacho mbio.

"Basi, Mama. Nitafukiza mimi."

Mama alivuta dawa yake, akakaa kwenye kiti akiitazama suruali ya marinda ya bi harusi iliyobaki juu ya tenga. Sikuweza kumwangalia.

"Tumpeleke pwani," nikasema. "Adhuhuri, Sib. Huko upepo utaukimbiza moshi."

"Wifi, wewe huna kwako, sasa unataka kumhamisha na Mama?"

"Mimi sina kwangu, lakini nna gari."

Mama alikuwa keshavaa viatu.

Tulifika bahari imeshaamka. Nikampangia Mama kiti, nikaweka chetezo mchangani na tenga juu yake, na yeye akatia udi kwa vidole vyake, bismillahi. Moshi haukugusa nguo hata kidogo! Ulilala ubavu, ukaondoka zake na pwani, ukawafikia vijana waliokuwa wakicheza mpira, na golikipa akasimama akajinusa makwapa.

"Leo wananukia kama wanaoa wao!" Mama alipiga makofi.

Hapo suruali ya marinda ikajaa upepo kama ina mtu ndani, ikaruka. Nikaikimbilia, mtu mzima wa miaka arubaini na ushei, pindo la kanzu yangu mkononi, kiatu kimoja mguuni, na Mama nyuma yangu anapiga kelele, "Ishike kiunoni! Kiunoni, mwanangu, si miguuni!" Golikipa ndiye aliyeidaka. Wenzake wakashangilia bao.

Nilirudi ninahema na kucheka, nikaligeuza gari, buti likatazama bahari. Nikaweka chetezo juu ya sinia ndani ya buti, nguo nikazitundika kwenye mlango wake ulioinuliwa, zikaning'inia kama pazia. Mama akakaa upande wa bahari, upepo ukimpiga mgongoni. Akanyoosha mkono, akatia udi. Moshi ukaingia ndani, ukazungukazunguka kwenye nguo, ukatokea pembeni na kuelekea mjini bila kumgeukia.

Tukangoja. Mimi nilikuwa nimebana pumzi, sijui kwa nini mimi.

Simu ikalia. Wifi.

"Anakohoa?"

"Hakohoi. Anagombana na mimi, eti nimezitundika shingo juu."

Mama akaninyang'anya simu. "Lete zilobaki zote. Na makaa, haya yanakwisha. Na wewe mwenyewe njoo na nguo yako ya harusini, nnakwambia, usije ukanukia jiko mbele ya wakwe."

Kabla ya alasiri magari yalikuwa mawili, mabuti wazi. Wifi alikuwa ananusa mikono ya nguo na kufuta macho, anasema ni mchanga. Mama alikuwa anatoka gari hili kwenda lile, koleo la makaa mkononi, anatuamrisha sote wawili, na sauti yake ilikuwa inafika hadi golini.