Vidole vya Kuvutia Ugwe

Ukiniuliza ugwe wa upinde unashikwa kwa vidole gani, usitegemee nikujibu haraka. Ugwe ni ile kamba ya upinde, na mimi nimefundishwa kuishika na mtu mmoja tu, baba yangu mzazi, kwa namna tatu zinazogombana. Kila namna aliapa kwamba ndiyo hiyo hiyo, hakuna nyingine, na anayeshika tofauti hajalelewa. Nusura nirukwe na akili.

Mimi ni msusi. Nina saluni ya viti vitatu Buzuruga, hatua chache kutoka stendi, na nyumba ninayokaa iko nyuma yake, uani. Mama alipofariki nilikwenda kijijini nikamchukua baba aje akae kwangu. Alikuja na begi moja, redio yake, na upinde. Alikuwa mfugaji, na enzi za sungusungu alikuwa miongoni mwa wale waliofuata nyayo za ng'ombe walioibwa mpaka vijiji vya mbali, kwa miguu, na pinde begani. Wakati namchukua, kumbukumbu zilikuwa zimeshaanza kumtoka.

Asubuhi ungemdhani mzima kabisa. Anakunywa uji, anauliza bei ya dagaa, anailaani bei ya dagaa. Shida ilikuwa saa kumi jioni. Ikifika saa kumi anavaa viatu, anafungua geti, anaelekea stendi kutafuta ng'ombe waliotoka zizini. Mara mbili makondakta walinirudishia, mmoja akaniambia, "Dada, mzee wako alikuwa anataka kuwaswaga abiria wangu." Watu wakacheka saluni nzima. Mimi nilikwenda kulia chooni.

Muuguzi mmoja akanishauri nimpe kazi ambayo mikono yake inaijua. Nikamwambia mikono ya huyu inajua ng'ombe na upinde, sasa ng'ombe hapa Buzuruga nitawafuga juu ya bati? Naye akacheka. Siku hizo kila mtu alikuwa anacheka isipokuwa mimi.

Ikabaki upinde. Nilijaza pumba za mpunga kwenye gunia, nikaliegemeza kwenye ukuta wa uani, nikang'oa vyembe, zile ncha za chuma, kwenye mishale yote na kuchomeka vipande vya magunzi ya mahindi. Mwenyekiti wa mtaa alikuja kukagua, akajipiga gunzi kiganjani, akasema haya, endeleeni. Na ikifika saa kumi, kabla baba hajagusa viatu, nikawa namwambia, "Baba, nifundishe kulenga."

Hapa niseme ukweli wote. Sikuwa nataka kumtuliza tu. Tangu aingie nyumbani kwangu, baba hakuwa amenitambua hata siku moja. Aliniita majina ya watu wengine, waliokufa na walio hai, na mimi nilikuwa namfulia, namkata kucha, nalala mlango wazi nimsikie akiamka. Nilitaka siku moja, moja tu, aniangalie ajue ni mimi binti yake. Nikajidanganya kwamba upinde utamrudisha, kwa sababu upinde ndio ulikuwa ugomvi wetu mkubwa.

Nilikuwa na miaka tisa. Kaka yangu alikuwa anafundishwa kulenga nyuma ya zizi, na mimi nikataka. Baba akasema mtoto wa kike hashiki upinde, akashike mwiko. Nilikuwa mbishi tangu hapo. Nikauchukua upinde, nikakimbilia nao kwenye ghala. Akanifuata, akaninyang'anya, akautupa ndani, akaubamiza mlango. Kidole changu cha kati cha mkono wa kulia kilikuwa mlangoni. Fundi wa mifupa alikifunga kwa vijiti, kikapona kimenyooka, hakikunjiki mpaka leo. Nasuka hivyo hivyo, kimesimama pembeni kama kinaonyesha mtu njia. Baba hakuwahi kusema chochote kuhusu kidole hicho, wala pole, wala ulikuwa na kiherehere. Kimya, miaka thelathini na kitu.

Basi, siku ya kwanza nilitoka na bandeji nimezungusha vidole vitatu, maana ugwe wa mshipa wa ng'ombe unachuna, na vidole vyangu ndivyo vinavyonilisha. Baba akasema, "Lete mkono." Akaushika, akaupindua, akanisogelea.

"Mdogo wangu," akaniambia kwa upole ambao sikuwahi kuusikia, "bana mkia wa mshale kwa dole gumba na kidole cha shahada. Kama unachota ugali. Hivyo tu. Vidole vingine viache."

Nikabana. Nikavuta kidogo, mshale ukaanguka miguuni pangu. Akafurahi mno, akaniambia nitakuwa hodari. Nikajisemea, sawa, nimeshajua: dole gumba na shahada.

Kesho yake nikabana vile vile. Weee! Alinipiga kibao cha kiganja. "Nani kakufundisha uchafu huo? Kijana mzima unabana kama unatoa kupe? Shahada juu ya mshale, viwili chini yake. Vuta mpaka shavuni!" Nikamwambia baba, jana ulisema. Akasema jana hakuwepo, alikuwa mnadani.

Siku ya tatu ndiyo iliyoniacha hoi. Natoka mlangoni, namkuta amesimama wima, kofia mkononi, mwenyewe anainama. "Shikamoo mtemi."

Mtemi ni yule kiongozi wao wa sungusungu. Sasa wewe baba yako mzazi akikupa shikamoo, unajibu nini? Nilibabaika, mdomo ukasema "marahaba" peke yake, nikaomba Mungu anisamehe. Akaniambia kwa heshima, kama anayemrekebisha mkubwa bila kumvunjia hadhi, "Mtemi, weka vidole vyote vitatu chini ya mshale. Chini kabisa. Itakufaa zaidi."

Nilinunua daftari. Nikaanza kuandika kila jioni: leo shahada juu, leo kubana, leo vyote chini, leo kubana tena. Nilikuwa najaribu kupata ile ya kweli, niishike hiyo, labda nikiishika sawasawa ataniona. Badala yake nilivurugika. Nilikuwa namsuka mteja njia tatu, mkono wangu unauliza shahada juu au chini. Mteja mmoja nilimsuka upande mmoja mistari inakwenda mbele, upande mwingine inakwenda nyuma, akasimama mbele ya kioo hajui acheke au adai fidia.

Kuna mteja wangu mwingine, mwalimu wa michezo kutoka Butimba. Nikamweleza. Akainuka kichwa kikiwa nusu kimefumuliwa, akachukua upinde, akavuta kwa vidole vitatu, shahada juu. "Hii ndiyo sahihi," akasema. "Hizo nyingine mzee amechanganya." Nikamuuliza, na kidole kisichokunjika? Akakitazama kidole changu, akasema vidole vyote vitatu lazima vifanye kazi, nijitahidi. Nijitahidi! Nilimfumua kwa nguvu zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika.

Nilijitahidi hata hivyo. Kila nikivuta, kile kidole kinateleza, ugwe unaponyoka, mshale unakwenda kwenye ndoo za jirani. Gunia halikuwahi kuguswa. Kuku waliguswa.

Nikampigia simu kaka yangu, yuko Dar. "Baba alikufundisha kushika vipi?"

"Shahada juu, viwili chini. Kwani kuna namna nyingine?"

"Na baba mdogo?"

"Yule aliyefariki akiwa mtoto? Ah, yule si alikuwa mdogo na mnyonge, atakuwa alikuwa anabana tu."

Nikauliza habari za yule mtemi wao. Kaka akacheka, akasema mzee yule alikuwa haoni vizuri, alikuwa anaweka mshale karibu kabisa na jicho ili auone. Ndipo nikaelewa. Ukishika kwa vidole vyote chini, mshale unapanda karibu na jicho.

Nilikaa kwenye ngazi na daftari langu. Kumbe mzee hakuwa amechanganya kitu. Namna ya kushika hakuikosea hata siku moja. Alikuwa anampa kila mtu ile inayomfaa: mtoto mnyonge abane, kijana mwenye vidole virefu avute kwa vitatu, mzee asiyeona aweke chini. Alichokosea ni mtu tu. Na nikaona jambo lingine, ambalo heri nisingeliona: kwenye daftari lote hakukuwa na ya kwangu. Ingetoka wapi? Hakunifundisha. Nilikuwa natafuta kwenye kichwa cha baba kitu ambacho hakuwahi kukiweka.

Nilikasirika, acha tu. Nilimkasirikia mzee anayesahau kama amekula. Siku mbili nzima sikutoa upinde. Siku ya pili akaenda stendi, nikamrudisha mwenyewe, tumeshikana mikono, njia nzima ananiambia wale ng'ombe ni wa mahari ya binti yake wasipotee. Nikamuuliza, "Binti yako yuko wapi?" Akasema, "Yuko nyumbani. Mbishi sana yule." Sikujua nicheke au nikae chini hapo hapo barabarani.

Siku iliyofuata nikautoa upinde tena, kwa uchovu tu, maana saa kumi ilikuwa inakaribia. Nilikuwa nimetoka kumwosha mteja nywele, mikono imelowa, bandeji zote zimelowa kwenye beseni. Nikasema potelea mbali, leo nitachunika. Nikatoka na vidole vitupu.

Nilingoja nisikie leo mimi ni nani. Baba akasema, kama kawaida, "Lete mkono."

Akaupokea. Akaupindua kiganja juu. Dole gumba lake likapita kwenye shahada, likafika kwenye kile cha kati, likasimama. Akajaribu kukikunja, taratibu sana. Hakikukunjika. Akajaribu tena. Nikaona macho yake yanatoka kwenye mkono yanapanda mpaka usoni pangu, yanakaa hapo.

"Hiki usikitumie," akasema. "Kiache nje. Bana kwa dole gumba na shahada, halafu cha pete kikamate ugwe kwa chini, kisaidie kuvuta. Utaweza. Una mikono ya kusuka wewe."

Niliogopa hata kupumua, nisije nikamfukuza.

"Bado kinauma?"

Miaka yote ile nilikuwa nimejipangia maneno ya kumwambia siku akiuliza. Makali. Yalikuwa mengi. Yote yakanikimbia.

"Wakati wa baridi tu, baba."

Akatikisa kichwa. Alikuwa bado amekishika, anakisugua pale kwenye fundo la mfupa. "Nilisukuma mara mbili," akasema. "Mara ya kwanza mlango ulikataa. Nikajua kuna kitu. Nikasukuma tena."

Mimi nilikuwa najua mara moja. Maisha yangu yote nilikuwa na mlango uliofungwa mara moja.

"Nilikuwa na hasira," akasema. "Pole, mwanangu."

Kisha akarudi nyuma yangu, akaninyanyua kiwiko, akasema, "Vuta." Nilivuta kama alivyosema, cha kati nje, cha pete chini. Machozi yalikuwa yananitoka, gunia nililiona kama wingu. Niliachia. Nikasikia tu lile gunzi likizama kwenye pumba, puh! Baba akasema, "Umeona sasa?" kwa sauti ya mtu aliyekuwa analisema hilo siku nyingi.

Usiku huo sikuandika kwenye daftari. Nilimpelekea ugali na sato, akala, akauliza bei ya sato, akailaani.

Kesho yake saa kumi nilitoka mlangoni mbio, nimejifuta mikono, nimechana nywele hata. Alikuwa amesimama wima, kofia mkononi. "Shikamoo mtemi."

"Marahaba," nikajibu.

Nilitegemea moyo uvunjike, na ulivunjika, siwezi kudanganya. Lakini bandeji sikufunga tena tangu siku ile. Vidole vimeota sugu, wateja wananiuliza nafanya kazi gani nyingine. Aniite mtemi, aniite mdogo wake, aniite kijana, nampelekea mkono mtupu, kiganja juu, nasimama kimya nangoja dole gumba lake lipite kwenye shahada, lifike kwenye kile kidole.