Chenso yetu ya nusu kwa nusu iliyokuwa inakata kwa kupinda, na mti ulioinamia nyumba ya Mama Noela

Salaam wakuu. Sisi ba Kongo tungesema bakubwa, lakini ni nyie tu.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu siku nyingi. Leo nimekuta mtu anauliza mbona chenso yake inakata inaenda pembeni, nikacheka peke yangu mpaka mke wangu akaniuliza kama niko mzima.

Hiyo shida naijua. Ilinitesa karibu mwaka mzima. Nawapa kama ilivyokuwa, chumvi siongezi, na bantu balioona bado bako hai.

Kiswahili changu iko cha Uvira kimepikiwa Malawi, mtanivumilia.

Mi naishi Dzaleka, kambi ya bakimbizi, ukitoka Lilongwe unapita Lumbadzi unaendelea mbele. Hii ni ya miaka ya mwanzo ya 2010, wakati ule petroli inatafutwa kwa madumu kama maji.

Mwenzangu wa kazi tulimwita Papa Espe, kwa jina la binti yake. Mtu wa Bukavu. Kama unajua ba Bukavu umeshanielewa: shati imepigwa pasi hata siku ya kupasua magogo, na Kifaransa kabla ya chai. Yeye aliniita mtu wa ndagala, yaani dagaa, sababu sisi ba Uvira tumekulia kando ya ziwa.

Kutaniana tulitaniana. Kuaminiana, hapana. Tulijuana kambini tu, na kambini kila mtu amekwisha kudanganywa na mtu fulani njiani.

Tulinunua chenso moja, msumeno wa injini, ya mitumba kule Kanengo, kwa bwana aliyekuwa anafunga depo yake ya mbao. Kila mtu alitoa nusu. Ndipo tukawekeana sheria: kila kitu nusu kwa nusu.

Injini inalala kwake. Cheni na baa, ile chuma ndefu ambayo cheni inazungukia, zinalala kwangu. Hapo hakuna wa kutoka kimyakimya kwenda kutafuta kibarua peke yake.

Kambi nzima ilitucheka. Asubuhi unaona Papa Espe anatoka kwake amekumbatia injini kama mtoto mwenye homa, na mi natoka upande mwingine na cheni begani. Tunakutana barabarani, tunaunga mashine, njo tunaenda kazini.

Lakini ngoja, hiyo bado ndogo.

Kwa asiyejua, meno ya cheni ya chenso yanapishana. Jino moja linaangalia kushoto, linalofuata linaangalia kulia, hivyo hivyo mpaka mwisho. Tukaona hapo tumepata akili kubwa sana: meno ya kushoto yangu, meno ya kulia yake. Kila mtu ananoa yake, kwa tupa yake. Likiharibika jino, mwenyewe anajulikana.

Cheka tu. Sisi tulikuwa tunajisifu.

Mi kunoa kwangu ni kwa nguvu. Nasukuma tupa mpaka unga wa chuma unajaa kwenye magoti. Papa Espe yeye anapitisha tupa kama anapaka siagi kwenye mkate, mara mbili, anafuta jino na kitambaa, anahamia lingine.

"Papa Espe," namwambia, "unanoa ama unabembeleza?"

"Papa Riziki, hilo ni jino, siyo jembe."

Mwanzoni mashine ilikata safi. Halafu polepole ikaanza kuvuta kulia. Unaanza mstari umenyooka, ukifika katikati ya gogo mkato umekwisha kupinda. Siku moja baa ikabanwa ndani ya gogo kabisa, tukaichomoa cheni ikabaki imening'inia humo ndani, na bamama baliokuwa banapita na ndoo bakatuuliza kama tunatega panya.

Mbao tulizipeleka kwa seremala mmoja pale Lumbadzi, Mmalawi, rafiki yetu. Akainua moja, akafunga jicho moja, akaangalia urefu wake, akatuita ndugu kwa Chichewa.

"Achimwene, hii mbao imekunywa nini?"

Akaturudishia zote, na zikomo, asante yao, juu.

Sasa mi nina ugonjwa mmoja. Kitu nikishindwa kukielewa, silali. Nikaanza kutafuta.

Kwanza nikasema baa imepinda. Tukailaza kwenye sakafu ya saruji ya kanisa, tukalala chini kifudifudi bote wawili kuangalia kama kuna mwanga unapita. Imenyooka. Tukabadilisha plagi, kama bajinga, plagi inahusiana nini na kupinda? Nikasema ni mti, bluegum, ule mkaratusi, ina nyuzi za kujisokota. Tukajaribu mti mwingine, ikavuta vilevile. Mke wa Papa Espe akasema tumuite mchungaji aiombee. Tulimwita kweli. Aliomba vizuri sana. Ikaendelea kuvuta kulia.

Na kila tukikaa kunoa tunalaumiana. Mi namwambia upande wake umelala, anabembeleza mno, halafu kwa hasira nazidisha nguvu kwenye wangu.

Kumbukeni hapo, tutarudi.

Mwezi wa nane ukafika na upepo wake. Bantu ba Dzaleka banaujua ule upepo wa Dowa, wilaya yetu, unabeba vumbi mpaka unakula nsima, ugali wa huku, yenye mchanga.

Mama Noela alikuwa mjane wa Fizi, fundi cherehani. Nyumba yake ya matofali mabichi, chumba kimoja cha kulala na kimoja cha cherehani, humo alikuwa anafundisha basichana kushona. Nyuma ya nyumba kulikuwa na bluegum moja kubwa, nzee, na mvua zilizopita zilikuwa zimekula udongo kwenye mizizi. Upepo ulipoanza, mti ukaanza kuinamia paa lake. Ukiweka mkono kwenye shina upepo ukipiga, unasikia mizizi inalia chini.

Ruhusa ya kuukata alikuwa nayo. Mwenye chenso nyingine karibu hakuna. Akaja kwetu.

Nikamwambia ukweli: Mama, mashine yetu iko mgonjwa, heri uhamie kwa jirani kwanza.

Akakataa.

"Papa Riziki, mi nimekimbia Fizi, nimekimbia Kigoma, nimefika hapa. Nikimbie na mti?"

Wakuu, tukaunga mashine, tukaenda kwake.

Niwaeleze hatari iko wapi. Mti ulioinamia nyumba unataka kuangukia nyumba. Wewe unataka ulale upande wa pili, shambani. Unafunga kamba juu, bantu banavuta. Unakata mdomo, yaani pengo, upande wa shamba, halafu unakuja kukata kwa nyuma, unapiga kabari. Katikati unaacha kipande chembamba bila kukikata, kinafanya kazi kama bawaba ya mlango. Hicho njo kinaongoza mti. Kikibaki kinene upande mmoja na chembamba upande mwingine, mti unajigeuza wenyewe na kwenda unakotaka.

Na sisi tulikuwa na mashine isiyojua kunyoosha mkato.

Papa Espe akasema tukate tu, tutairekebisha na mkono, tutaisukuma kushoto inapovuta kulia. Nikakataa. Tukagombana pale pale mbele ya basichana ba cherehani, yeye kwa Kifaransa, mi kwa Kifuliiru, kila mtu kwa lugha ambayo mwenzake haisikii vizuri.

Nikachomoa cheni, nikaenda kukaa kwenye kizingiti cha Mama Noela. Nikaiosha na mafuta ya taa, nikawa naipitisha kwenye vidole, jino kwa jino, bila kutafuta kitu. Hasira tu.

Vidole vikasimama.

Jino langu, jino lake. Langu, lake. Mbona hayalingani?

Nikaomba kiberiti. Nikashika njiti, nikaipima kwenye jino la Papa Espe, nikaivunja ilipoishia. Nikaiweka kwenye jino langu. Njiti ikazidi. Nikapima lingine, na lingine. Yote yangu yalikuwa mafupi!

Nikakaa pale mdomo wazi. Kumbe jino la chenso ukilinoa linafupika, na likifupika linashuka, linauma mti kidogo. Mi niliyekuwa nasukuma tupa kama nalima, nilikuwa nimeyamaliza meno yangu. Ya kwake, ya kubembelezwa, yalikuwa bado marefu, yanauma sana, yanavuta mashine yote upande wao. Na kadiri nilivyokasirika ndivyo nilivyonoa, na kadiri nilivyonoa ndivyo ilivyovuta. Tulikuwa tunailisha ugonjwa wenyewe.

Nikamwita. Nikampa njiti. Akapima mwenyewe. Akapima tena.

"Mon Dieu," akasema, "tulikuwa na cheni mbili."

Sasa dawa ilikuwa wazi, na chungu. Meno marefu lazima yafupishwe yalingane na mafupi, na yote yanolewe na mkono mmoja. Maana yake meno ya Papa Espe, aliyoyatunza vile, mi mwenye mkono wa nguvu niyakate.

Akaifunga tupa yake kwenye kitambaa. Akaifungua. Upepo ukapiga, mti ukalia nyuma ya nyumba. Mama Noela alikuwa amesimama mlangoni na futi ya kupimia nguo shingoni.

Papa Espe akanipa tupa.

"Nyoosha yote. Lakini polepole, mtu wa ndagala. Nitakuwa nakuangalia."

Nikanoa, njiti ya kiberiti mdomoni, kila jino napima. Safari hii nilikuwa mi ninayebembeleza. Tukajaribu kwenye gogo, na mkato ukashuka umenyooka mpaka chini. Papa Espe akapiga makofi kama mtoto.

Tukatoa cherehani zote nje kwanza. Bantu bakashika kamba shambani, mbali kabisa na pale mti utakapolala. Nikakata mdomo. Nikaja nyuma kukata. Papa Espe akawa anapiga kabari na kunisomea mkato: "Sawa. Sawa. Iko sawa. Acha! Toka!"

Tukatoka mbio. Mti ukasimama kidogo kama mtu aliyesahau anakokwenda, halafu ukageukia shamba, ukaenda chini. Vumbi likatufunika bote. Lilipotulia, nyumba ilikuwepo. Tawi moja lilikuwa limevunja uzio wa nyasi, basi.

Bantu banapiga kelele, batoto banarukia matawi. Mama Noela hakupiga kelele. Alirudisha cherehani moja ndani, tukasikia inaanza kulia trrrr, anamalizia sketi ya shule aliyokuwa ameiacha nusu. Mi nikalia. Sioni haya kusema.

Jioni tukarudi njia ileile. Tulipofika pale tunapogawana mashine, mi nikaanza kufungua baa kama kawaida. Papa Espe akanishika mkono.

"Acha. Ibaki hivyo, nzima. Ilale kwako."

Akaondoka, mikono mitupu mfukoni. Toka tuinunue sikuwahi kumuona anarudi nyumbani bila injini.

Somo langu kwa yule aliyeuliza: kabla ya kulaumu baa, mti ama shetani, pima meno. Lifuate lililo fupi kuliko yote, mengine yote yalingane nalo, na anoe mtu mmoja. Jino halitaki hasira.

Papa Espe siku hizi iko mbali, alipata safari ya kuhamishiwa nchi nyingine na familia yake, kule kwenye baridi. Chenso aliniachia. Akipiga simu, kabla ya habari za watoto, anauliza kwanza: "Bado inavuta?"

Na kusema kweli, inavuta. Kidogo sana, kulia. Nanoa peke yangu, napima, na bado. Nafikiri ni mkono wangu wa kulia, unapendelea upande mmoja bila mi kujua. Nikimwambia anacheka, anasema hayo ni meno yake yananikumbuka.

Wenye mkono wa kushoto humu, njooni mniambie: zenu zinavuta wapi?